Kulegeza mwili kwa mzee mwenye sonona: nani anafaidika, nani asubiri, na zoezi lenyewe hufanywaje

Katika makao ya wazee, sonona huja na sura mbili. Yuko mzee asiyetulia: anasugua viganja, anaamka saa tisa usiku na kuita wahudumu, anauliza tena na tena kama mwanawe amepiga simu, mabega yamepanda hadi karibu na masikio, tumbo linamuuma na kila akipimwa hakionekani kitu. Na yuko aliyezama: ameketi palepale alipowekwa asubuhi, chai imepoa mbele yake, swali analijibu kwa neno moja baada ya kimya kirefu, hataki kuoga wala kutoka nje. Kwenye faili huenda wote wawili wameandikiwa ugonjwa mmoja. Lakini mazoezi ya kulegeza mwili, yaani kupumua polepole, kukaza na kuachia misuli, kutuliza fikira kwa nyimbo au taswira, humfaa hasa yule wa kwanza. Wa pili tayari ametulia kupita kiasi. Kumketisha tena, kumwambia afumbe macho na alegee, ni kumwongezea kile alicho nacho tele.

Huyo wa pili huanza kwa kuamshwa: kutembezwa hadi langoni na kurudi, kupewa ungo wa maharagwe achague, kukaa na wenzake wakichambua managu au mrenda wa mboga ya mchana. Akishaanza kujongea na kuzungumza, mara nyingi wasiwasi uliokuwa umefichika chini hujitokeza, na hapo ndipo zoezi la kutulia linapata kazi. Programu nyingi za makao huikosa tofauti hii kwa sababu zoezi hupangiwa ukumbi mzima. Viti vinawekwa duara, wazee wote wanaletwa, mgeni wa Jumamosi anaongoza, unga na sabuni vinakabidhiwa, picha zinapigwa, kisha kimya hadi mgeni mwingine apatikane. Hakuna ubaya katika unga na sabuni. Ila mwili wa mtu wa miaka 78 haujifunzi kutulia kwa somo moja la mwezi.

Kinachotokea mwilini

Mapigo ya moyo, presha na mwendo wa tumbo huendeshwa na neva zisizongoja amri yetu. Upande mmoja huandaa mwili kwa hatari. Upande mwingine, kupitia neva ndefu ya vagasi inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, huurudisha mwili kwenye mapumziko. Mtu akivuta pumzi, moyo huenda mbio kidogo. Akiitoa, hupunguza kasi. Kwa hiyo anayetoa pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta huupa ule upande wa mapumziko nafasi kubwa zaidi. Huo ndio msingi wa mazoezi mengi ya kupumua, hata yale yanayouzwa kwa majina makubwa.

Misuli ina hadithi yake. Daktari Edmund Jacobson, aliyefanya kazi Chicago nchini Marekani, alitumia miongo ya kwanza ya karne ya 20 kuonyesha kwamba mtu mwenye wasiwasi hukaza misuli bila kujua, na kwamba anaweza kufundishwa kuhisi tofauti kati ya kukaza na kuachia. Mafunzo yake yalikuwa marefu mno kwa kliniki ya kawaida. Mwaka 1973 Bernstein na Borkovec walitoa utaratibu mfupi wa makundi 16 ya misuli, na huo ndio mama wa orodha nyingi zinazotumika leo. Ulitengenezwa kwa watu wenye viungo vizima. Ukiuchukua ulivyo na kuupeleka kwa mzee mwenye baridi yabisi na presha, utamuumiza.

Je, husaidia kweli? Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2008 yalikusanya majaribio 15 ya kulegeza mwili kwa watu wenye sonona. Waliofanya mazoezi walieleza nafuu zaidi kuliko waliowekwa kusubiri au waliopewa msaada kidogo tu, lakini nafuu hiyo haikufikia ile ya tiba ya mazungumzo ya kubadilisha fikira na mienendo. Kwa hiyo nafasi ya mazoezi haya ni kando ya dawa na mazungumzo. Mzee anayemeza dawa ya sonona asiachishwe kwa sababu ameanza kupumua vizuri.

Kabla ya siku ya kwanza

Mzee aliyebadilika ndani ya siku mbili tatu apelekwe kupimwa kabla ya jambo lingine lolote. Sonona huingia polepole, kwa wiki kadhaa; anayezubaa ghafla, ambaye asubuhi anakutambua na jioni hakutambui, huenda ana maambukizi ya mkojo, nimonia, au malaria. Upande wa Kisumu, Siaya na Busia, magharibi mwa Kenya, malaria haina msimu wa kupumzika, na mtu mzima sana anaweza kuwa nayo bila homa kali ya kumshtua mhudumu. Vipimo vya kuomba kliniki havihitaji hospitali kubwa: malaria, mkojo, sukari, kiwango cha damu, presha akiwa ameketi na akiwa amesimama. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri pia huleta uchovu, ubaridi na huzuni, ila kipimo chake mara nyingi hulazimu kwenda hospitali ya kaunti.

Kisha tazama dawa. Amitriptilini ni ya bei nafuu na huandikwa kwa sonona, kwa maumivu ya neva na kwa usingizi, hivyo mzee anaweza kuwa nayo kutoka kliniki mbili tofauti. Hukausha kinywa, hufunga choo, huzuia mkojo, hushusha presha anaposimama na huweza kumchanganya akili. Mzee wa namna hiyo akianguka baada ya zoezi, lawama hulipata zoezi. Mpelekee daktari orodha nzima ya dawa, pamoja na za mitishamba.

Angalia na masikio. Nta iliyojaa sikioni humfanya mzee aonekane hana hamu na mtu, kumbe hasikii.

Ili kujua kama hali inabadilika, chukua kipimo kabla ya kuanza. Kile cha maswali 15 ya ndiyo na hapana, kilichotengenezwa mahususi kwa wazee, huulizia wiki iliyopita na husomwa kwa sauti kwa asiyejua kusoma. Alama zaidi ya 5 zinataka achunguzwe. 10 na kuendelea karibu kila mara ni sonona. Swali lake moja, kama mtu anapenda kukaa nyumbani kuliko kutoka na kufanya mambo mapya, halina maana kubwa kwa mtu anayeishi mahali penye lango na mlinzi, kwa hiyo jibu lake lisipewe uzito peke yake. Kipimo cha maswali tisa kinachotumika sana kliniki, PHQ-9, kilijaribiwa magharibi mwa Kenya kwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Kinafaa, ila huuliza usingizi, uchovu na hamu ya kula, mambo ambayo maradhi mengine ya uzeeni huyabadilisha vilevile. Kwa mzee aliyepoteza kumbukumbu kuna kipimo cha Cornell chenye vipengele 19, ambacho hutegemea sana anachokiona mhudumu.

Saa, kiti na hewa

Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai asubuhi ni baridi, vidole na magoti yameganda, na zoezi la saa mbili asubuhi litaleta maumivu tu. Ngoja jua liingie dirishani, kuanzia saa nne hivi, na mfunike mzee shuka magotini. Kisumu ni kinyume chake: mji uko chini, takriban mita 1,130, na chumba cha mabati kisichokuwa na dari alasiri hakimtulizi mtu. Fanyeni saa tatu asubuhi, au nje chini ya mwembe. Kuanzia saa kumi na mbili jioni mbu wameshaanza kazi, na hakuna anayelegeza miguu huku akipiga vifundo vyake.

Usiweke zoezi ndani ya saa moja au mbili baada ya dawa ya kutoa maji mwilini kama furosemidi. Mzee ataketi akiwaza choo na aibu. Usiliweke mara tu baada ya ugali. Na kwa mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi, usiliweke dakika chache kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu hapo kuna mtego. Mzee anayelegea, anatoka jasho na kujibu ovyo katikati ya zoezi huenda hajatulia hata kidogo: sukari imeshuka. Mpime. Akiwa macho na anameza vizuri, mpe mililita 150 hivi za soda yenye sukari, au vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari kwenye maji, umpime tena baada ya dakika 15, kisha ale. Asiyemeza vizuri asitiliwe kitu kinywani. Apelekwe hospitali mara moja.

Viti vya plastiki ni tatizo ambalo halitajwi kwenye miongozo ya kigeni. Ni vyepesi, huteleza kwenye sakafu ya saruji iliyolainishwa, na mzee akiegemea nyuma miguu ya kiti hutanuka. Tumia kiti cha mbao chenye mikono, nyayo zikae bapa sakafuni. Zisipofika, weka kipande cha ubao au kibao kifupi chini yake. Miguu inayoning'inia huvuta kiuno na mgongo haulegei kamwe. Mto mdogo au leso iliyokunjwa ikae kwenye kiuno. Kitandani pasitumike mchana ila kwa asiyeweza kuketi, kwa kuwa atalala, na usingizi wa saa tano asubuhi hulipwa saa tisa usiku.

Waanze wakiwa wamekwenda choo. Kikundi kisizidi watu sita, runinga izimwe kabisa, si kupunguzwa sauti.

Pumzi

Kosa la kwanza la waongozaji ni kusema, "Vuta pumzi ndefu sana." Mzee mtiifu atavuta kwa nguvu, tena haraka, na baada ya dakika moja atahisi kizunguzungu na ganzi midomoni na kwenye ncha za vidole. Amefukuza hewa chafu ya kaboni kupita kiasi, na hisia hiyo humtisha mtu aliyekuwa na wasiwasi tayari. Kinachotakiwa ni pumzi ndogo na ya polepole.

Mhudumu huketi mbele yake, chini kidogo ya usawa wa macho, amwite kwa jina la heshima alilozoea: Mama, Mzee, Kogo kwa bibi wa Kikalenjin, Dani kwa bibi wa Kijaluo, Kukhu kwa wa Kiluhya. Kisha kwa sauti ya chini na nzito (sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza masikioni mwa wazee):

"Kogo, weka mkono mmoja juu ya tumbo. Usifanye kitu, sikiliza tu pumzi inavyoingia na kutoka. Sasa tutavuta kwa pua, moja, mbili, tatu. Tutoe kwa mdomo, kama unapoza uji, moja, mbili, tatu, nne. Tena."

Wiki ya kwanza ni hesabu ya tatu kuvuta na nne kutoa, kwa dakika mbili au tatu. Akizoea, nne na sita, ambayo kwa hesabu ya sekunde ni pumzi sita kwa dakika, hadi dakika tano. Hapa pana haja ya saa yenye mshale wa sekunde, maana mhudumu mwenye haraka huhesabu haraka. Pumzi isizuiliwe katikati. Zile mbinu za kuvuta, kushika, kisha kutoa, ziachwe kwa vijana.

Mwenye mapafu yaliyochakaa, na wako wengi miongoni mwa akina mama waliopika kwa kuni miaka hamsini katika jikoni lisilo na dirisha, ataanza na mbili kuvuta na nne kutoa, midomo imebanwa kidogo. Hiyo humsaidia pia kutoa hewa iliyonaswa. Akihema, simamisha.

Asiyeweza kufuata hesabu aimbe kwa kuvumisha, mdomo umefumba, wimbo wa kanisani wa mwendo wa polepole. Kila mstari unamtoa pumzi ndefu bila yeye kuifikiria. Ni njia bora kuliko zote kwa mtu asiyependa "mazoezi", na ajabu ni kwamba haipatikani katika miongozo mingi.

Misuli

Kanuni ni nne, na kila moja ina sababu. Kaza kwa nusu ya nguvu tu, kwa sekunde tano, kwa sababu kukaza kwa nguvu zote hupandisha presha na huvuta kano dhaifu. Pumua wakati wa kukaza, kwa sababu kubana pumzi huku umekaza hupandisha presha ghafla kisha huishusha. Achia ghafla, halafu subiri sekunde 20 hadi 30, kwa sababu mafunzo yako kwenye kuachia na waongozaji wengi hukimbilia msuli unaofuata. Ruka kila kiungo kinachouma, kilichovunjika karibuni au kilichopooza.

Mpangilio unaofaa mzee aliyeketi huanza mikononi. Akunje ngumi nusu, kana kwamba ameshika yai, kisha aachie vidole vifunguke vyenyewe juu ya mapaja. Mwenye vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi abonyeze viganja kwenye mapaja badala ya kukunja. Kisha mikono: asukume viwiko chini kwenye mikono ya kiti. Mabega: ayapandishe kidogo, ayaachie yaanguke. Hapa ndipo wengi hushangaa, maana mabega yalikuwa juu siku nzima bila wao kujua. Rudia mara mbili. Shingo isizungushwe wala kukazwa, aegemeze tu kichwa kwenye mto kwa pumzi mbili tatu. Uso: akunje paji, aachie, afumbe macho kidogo, aachie. Taya lisikazwe kwa mwenye meno ya bandia au maumivu ya taya. Aache tu midomo itengane. Tumbo liachwe kwa mwenye ngiri au aliyepasuliwa karibuni. Mapaja: abonyeze nyayo sakafuni. Mwisho miguu: avute vidole vya mguu kuelekea kwake, asivielekeze chini, kwa kuwa kuvielekeza chini ndiko kunakoleta mkakamao wa shavu la mguu. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia nyayoni hatahisi tofauti yoyote. Usimng'ang'anize, rudi mikononi.

Zoezi lote huchukua dakika kumi na mbili hivi. Siku tatu za kwanza fanyeni mikono na mabega pekee. Maneno ya amri yawe mafupi na ya lugha ya mzee: neno moja la kukaza, neno moja la kuachia, yasibadilike. Kiswahili cha mhudumu kijana kutoka mjini humchosha bibi aliyezeeka akizungumza Kinandi, na anayetafsiri kichwani halegei.

Mwisho wa zoezi una hatari kuliko zoezi lenyewe. Presha imeshuka, damu imekaa miguuni, na mzee anataka kwenda zake. Achezeshe vifundo mara kumi, aketi wima dakika mbili, asimame akiwa ameshika kiti, ahesabu hadi thelathini kabla ya hatua ya kwanza. Ikipimwa, presha ya juu iliyoshuka kwa 20 au ya chini kwa 10 ndani ya dakika tatu za kusimama ni habari ya kumpelekea daktari, hasa kwa anayemeza dawa ya presha ya amlodipini na dawa ya kutoa maji mwilini kwa pamoja.

Taswira, nyimbo na mikono

Kumwambia mzee awazie ufuo wa bahari yenye mchanga mweupe ni kumpeleka mahali ambako hajawahi kufika. Muulize kwanza, siku kabla ya zoezi, ni wapi alipokuwa akipumzika. Atasema chini ya mti fulani, kwenye baraza ya mama yake, mtoni wakati wa kuteka maji, shambani mahindi yakiwa yamefika kiunoni. Kisha muulize kama kupafikiria kunamuumiza. Ziwa ni zuri kwa mtu wa Dunga, kijiji cha wavuvi kule Kisumu, isipokuwa kama lilimchukua mwanawe. Shamba ni zuri, isipokuwa kama ndilo lililogawanywa na watoto kabla hajaletwa makaoni. Akishapachagua, maswali yawe ya mwili: upepo unatoka wapi, nini kinanukia, miguu imekanyaga nini. Dakika tano zinatosha. Anayesikia sauti zisizokuwapo au aliyechanganyikiwa asiongozwe kwa taswira kabisa.

Nyimbo hazihitaji maelezo mengi. Chagua za ujana wake. Aliyezaliwa 1945 alikuwa na miaka 20 mwaka 1965, na hapo ndipo pa kutafuta, iwe benga, gitaa la Kiluhya au kwaya. Redio inayokwaruza humkera mwenye usikivu hafifu kuliko kimya.

Kusugua mikono ni njia inayobaki hata kumbukumbu inapoondoka. Dakika tano kila mkono, mafuta ya nazi au ya kupaka kiasi cha kijiko kidogo, kuanzia kifundo kuelekea vidoleni, kwa kiganja kizima. Ngozi ya uzeeni ni nyembamba na huchubuka kwa kidole gumba. Lakini uliza kwanza, na utazame ni nani anayemgusa nani. Katika desturi za Waluhya na Wajaluo, umbali kati ya mkwe na mama mkwe ni jambo zito, na mzee anaweza kumwona mhudumu kijana kwa jicho hilo. Akikunja mkono, mpe mhudumu mwingine.

Kimya kinapotisha

Kuna wachache ambao utulivu wenyewe huwapandisha wasiwasi. Macho yakifumbwa na chumba kikinyamaza, mawazo waliyokuwa wakiyakimbia kwa kelele za mchana huwafikia: watoto waliowazika, nyumba zilizochomwa. Katika Nakuru, Naivasha, Eldoret na Kisumu wapo wazee waliopitia vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, na sauti ya mgeni ikiamuru "fumba macho" katika chumba chenye giza si amri ndogo kwao. Dalili ni pumzi kuharakika, vidole kushika kiti, machozi, au kutaka kuondoka ghafla.

Fumbueni macho. Mlango ubaki wazi na mzee aketi akiuona. Atazame kitu kimoja, jani au dirisha, na zoezi lifupishwe liwe la mikono pekee. Ikirudia mara ya tatu, njia hii si yake. Kutembea kwa mwendo wa polepole akihesabu hatua kutamfaa zaidi. Machozi yenyewe, bila hofu, hayahitaji kuzuiwa. Ketini naye.

Daftari

Dakika 15 kila siku, siku tano kwa wiki, hushinda saa nzima ya Jumamosi. Toa wiki nane kabla ya kuamua kama inasaidia. Kwenye daftari andika mambo manne: tarehe, zoezi lililofanywa, hali ya wasiwasi kabla na baada, na saa alizolala usiku. Asiyependa namba apewe maharagwe matano: yote matano ni siku mbaya, moja ni siku njema. Kushuka kwa haragwe moja baada ya zoezi ni matokeo ya siku hiyo tu. Kinachohesabika ni kama yale ya kabla ya zoezi yanapungua wiki kwa wiki, na kama kipimo cha maswali 15, kinachorudiwa kila baada ya wiki nne, kinashuka. Kisiposhuka kufikia wiki ya nane, au kikipanda wakati wowote, mzee arudishwe kwa daktari aangaliwe upya.

Yako mambo yasiyosubiri wiki. Mzee anayekataa chakula na maji, anayesema "niacheni niende zangu" kwa namna ya kuaga, anayegawa vitu vyake, au anayepatikana ameficha vidonge chini ya godoro, apelekwe siku hiyohiyo: hospitali ya rufaa ya kaunti Nakuru, Jaramogi Oginga Odinga kule Kisumu ambayo wenyeji bado huiita Russia, au Moi Eldoret. Simu ya Msalaba Mwekundu, 1199, haitozwi. Zamani makao yalificha visa hivi kwa kuogopa polisi, maana jaribio la kujiua lilikuwa kosa chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Wahudumu hubadilika, na zoezi hufa pale aliyelijua anapokwenda likizo. Wafunzwe wawili kwa kila kikundi, na sauti ya yule ambaye mzee amemzoea irekodiwe kwenye simu, kwa lugha ya mzee, hesabu zikiwa za mwendo uleule wa sekunde. Rekodi hiyo ichezwe huku mtu ameketi kando yake. Spika ikiachwa peke yake chumbani, mzee asiyeona vizuri atakaa akitafuta nani anayezungumza.